Vipai vya Tufaha Vilivyosomwa Jumuiyani

Bora niseme mwenyewe kabla hamjasimuliwa na watu wa mtaa wetu wa Bombambili, maana wao wakisimulia huongeza chumvi, na mimi nataka mpate aibu yangu jinsi ilivyokuwa. Mimi ndiye yule Skola aliyewalisha watu barua. Mpaka leo nikipita gengeni kuna mama muuza nyanya lazima aniulize, "Skola, leo umeoka ukurasa wa ngapi?" nami nacheka, nanunua nyanya zangu, naondoka, lakini nasikia kabisa joto likipanda mpaka masikioni.

Kazi yangu ni steshenari hapa mjini Songea. Natoa kopi, nachapa barua, wasifu wa waombaji kazi, ratiba za harusi, mitihani ya majaribio ya shule za msingi, chochote utakacholeta. Naishi na mama mkwe wangu, Mama Yustina, mjane wa miaka tisa na mwanamke wa maneno machache (akikwambia "sawa" inabidi ukae chini utafakari ni sawa ya aina gani). Mume wangu yuko Tunduru kwenye biashara ya korosho na huja nyumbani mara moja kwa mwezi, kwa hiyo siku nyingi nyumba ni ya kwangu mimi na Mama. Hatuambiani kwamba tunapendana, ila akipika wali ananiwekea ukoko, na mimi najua maana yake.

Sasa kuna Mwalimu Nyoni. Huyu ni mwalimu mstaafu, mgane, mwenzetu wa jumuiya ya kanisa, aliyefundisha Kiswahili nusu ya mji huu, mimi nikiwemo. Siku moja alikuja steshenari, akasubiri mteja wa mwisho aondoke, akafunua daftari na kuniambia nichape ukurasa mmoja, herufi ziwe kubwa, kubwa kabisa, ili msomaji asihangaike kutafuta miwani. Nikaanza, "Kwako Bibi Yustina," na vidole vikasimama vyenyewe. Nikamtazama. Yeye akatazama bango la bei ya kopi ukutani.

"Unachapa au unasoma?" akaniuliza.

Nikachapa. Ilikuwa barua nzuri, jamani, ya heshima, mpaka nilijisikia vibaya kwamba mimi ndiye naisoma kabla ya mwenyewe. Ila ilikuwa na tatizo moja: haikuwa na mwisho. Ilifika kwenye "Kwa hiyo, Bibi Yustina, ninachoomba ni" halafu basi, daftari jeupe. "Hapo paache kwanza," Mwalimu akasema, "nitapatafutia maneno." Baada ya siku mbili akarudi na ile niliyochapa, ameisahihisha kwa kalamu nyekundu kama insha ya darasa la saba, huku koma, kule neno la kitoto, nikachapa upya, na mwisho ukabaki vilevile. Akarudi tena. Kwa jumla alikuja mara kumi na moja, na mara zote kumi na moja barua ilikufa palepale kwenye "ninachoomba ni". Mara ya kwanza kabisa alikuwa amenishika kwa ahadi. "Skola," alisema, "jambo hili ni la mimi na wewe. Nikiwa tayari nitampa mkononi mwenyewe. Hizi zilizoharibika zichane."

Nikamwambia nitazichana. Sikuzichana. (Msinihukumu bado, subirini, sababu za kunihukumu ziko mbele.) Mnajua wenyewe karatasi iliyochapwa upande mmoja haitupwi hapa kwetu, inawasha jiko, inafungia karanga, inafunika mtungi, na mimi kila Ijumaa hubeba rundo langu la zilizoharibika naenda nalo nyumbani. Zile za Mwalimu nilizichomeka katikati kabisa ya rundo, kati ya mitihani ya sayansi, nikaona nimezificha vizuri, kwamba hata Mama akichukua ya kuwashia moto atachukua za juu. Nilijiona mjanja sana.

Sasa ikafika sikukuu ya somo wa jumuiya yetu, yaani mtakatifu msimamizi wetu, na mwaka huu zamu ya kupokea watu ilikuwa nyumbani kwetu, Jumamosi asubuhi. Mama alishapanga: viazi vitamu, mihogo ya kuchemsha, maandazi, chai ya maziwa. Watu wote wenye akili wangeridhika na hapo. Lakini mimi nilikuwa nimeona kwenye simu video ya vipai vidogo vya tufaha, vya kutia mdomoni mara moja, juu vimefunikwa na chenga chenga za siagi na sukari, na nikaamua kwamba jumuiya ya watu ishirini na kitu itaondoka kwetu ikisema Skola ni mtu mwingine. Nilitaka Mama naye aone. Naomba muandike hapo kwamba chanzo ni majivuno.

Ijumaa nikaomba ruhusa kazini, nikapita sokoni kununua tufaha zinazotoka Njombe, zile ndogo ngumu zenye uchachu (muuzaji yeye anaziita epo, ukimwambia tufaha anakuangalia kama mgeni). Nikazikatakata vipande vidogo kama punje, nikazipika na sukari, mdalasini na ndimu mpaka zikalegea na nyumba ikanukia vizuri hadi jirani akachungulia. Nikakanda unga wa ngano na siagi kwa ajili ya vikombe vya chini. Halafu zile chenga za juu: unga, sukari, siagi, unafikicha kwa ncha za vidole polepole, usikande, mpaka inakuwa kama chenga za mahindi. Mama akasimama mlangoni kunitazama.

"Unafikicha nini muda wote huo?"

"Chenga za juu, Mama."

"Kwa nini usikande tu ukamaliza?"

"Zikikandwa zinaharibika."

"Sawa," akasema, akaondoka zake. (Ile sawa nyingine.)

Hapo ndipo nikagundua sijanunua vile vikombe vya karatasi vya kuokea. Bila karatasi vipai vingeng'ang'ania kwenye trei, na vinavyouzwa viko mjini kati, na nje mvua ilikuwa inapiga bati kiasi kwamba ungepiga kelele usingesikiwa. Nikasimama na fedha mkononi, nikatazama mvua, nikatazama rundo langu la karatasi pembeni ya kabati. Uamuzi wenyewe haukuchukua hata dakika moja. Nikaona juu kabisa kuna mtihani wa sayansi wa darasa la tano, nyuma peupe, safi. Nikakunja karatasi nyingi kwa pamoja, nikaweka bakuli dogo juu, nikazungushia penseli, nikakata kwa mkasi kama fundi nguo. Nikapaka siagi upande mweupe, kwa sababu chakula hakigusi wino nikiwa hai, upande wenye maandishi nikauweka nje. Mimi ni mtu msafi. Lile rundo nilikuwa nalikata kwenda chini, macho yangu yote yako kwenye oveni yangu ya mkaa, nikipuliza moto wa juu na kupunguza wa chini, na nilipoona maandishi ubavuni mwa vikombe nikasema moyoni, ni mitihani hiyo.

Vipai vilitoka sitini na vitatu. Vilikuwa vizuri, hilo hamtaninyang'anya. Chenga zilipata rangi ya asali, tufaha ilichungulia pembeni, na Mama alipoonjeshwa kimoja (mtihani wa sayansi, namshukuru Mungu) alitafuna kwa muda mrefu, akasema, "Hivi watu watakula." Kutoka kwake hiyo ni hotuba nzima.

Jumamosi watu wakaja. Tukasali rozari, likasomwa Neno, tukaimba. Mwalimu Nyoni alikaa kiti cha dirishani, amepiga pasi shati mpaka unaweza kukatia mkate, mwavuli wake mweusi ameuegemeza ukutani. Mama alikaa kwenye mkeka na akina mama wenzake. Nikapitisha sinia la vipai, kila mtu akachukua viwili vitatu, sifa zikaanza, "Skola, haya mambo umejifunza wapi?" nami nikiwa nimevimba kichwa nikaenda jikoni kuleta chai.

Nikiwa jikoni nikasikia kumenyamaza, halafu sauti ya mtu mmoja anasoma taratibu, wengine wanaguna. Sikushtuka. Nilidhani wamerudi kwenye sala.

Yaliyotokea nikiwa jikoni nilikuja kusimuliwa baadaye. Mwenyekiti wetu, Mama Mapunda, ni mtu asiyeweza kuona maandishi akayaacha, anasoma hata pakiti ya kiberiti. Alimenya kipai chake, akaona herufi kubwa nyeusi kwenye karatasi iliyolowa siagi, akavaa miwani akasoma: "mzigo ulioubeba peke yako miaka hii yote, nami nikikutazama kwa mbali". Akaona ni maneno ya faraja. Akaamua papo hapo kwamba Skola, kwa ubunifu wake, amewawekea wanajumuiya Neno ndani ya vitafunwa. Na mnajua utaratibu wetu wa kushirikishana: kila mtu anasoma mstari uliomgusa, anasema umemgusa vipi. Basi Mama Mapunda akatangaza kila mmoja amenye chake, asome kwa sauti, ashirikishe.

Na walifanya hivyo, kwa heshima zote. Baba Tito, fundi cherehani, alisoma, "Taja wanyama watatu wanaonyonyesha watoto wao," akatafakari kidogo, akasema yeye imemgusa kwamba Mungu hamsahau kiumbe hata mmoja. Watu wakaitikia. Mzee Gama yeye hakuwa na cha kusoma kwa sababu alikuwa amekula na karatasi, alidhani ni ganda. Mke wake, Mama Gama, akasoma chake: "sauti yako ukiimba misa ya kwanza huniamsha moyo", akasema kweli, misa ya kwanza wengi wetu tunasinzia, tubadilike.

Mimi nikaingia na chupa mbili za chai, moja kila mkono, na mama mmoja wa kwaya alikuwa ndiyo anaanza: "Nimestaafu kazi, ila moyo wangu haujapewa barua ya kustaafu."

Mstari ule nilikuwa nimeuchapa mara kumi na moja. Niliwahi hata kumshauri Mwalimu autoe, akakataa. Nilisimama pale mlangoni na chupa zangu mbili. Nikageuza macho dirishani. Mwalimu Nyoni alikuwa na kipai mkononi, amekimenya, karatasi ameifumbata kwenye kiganja, na alikuwa ananitazama mimi. Hakuwa na hasira usoni, na hilo ndilo lililoniua. Alikuwa ananitazama jinsi alivyonitazama darasa la nne nilipoiba chaki, kama mtu anayesubiri nimwambie kwamba amekosea kuona.

Kitu cha maana kingekuwa kunyamaza. Watu walikuwa hawajaelewa bado. Lakini hofu haina akili, nikasikia mdomo wangu mwenyewe unasema kwa sauti kubwa, "Naombeni hizo karatasi zote, msizishike, wino wake una sumu."

Vipai vilivyokuwa njiani kwenda midomoni vikasimama. Halafu Mzee Gama akauliza polepole, "Sumu ya namna gani, mwanangu?"

"Amekula mbili," mke wake akasema, akasimama. "Baba Gama, umekula karatasi mbili."

"Tatu," akasema Mzee Gama, na rangi ikamtoka.

Kuanzia hapo sikuwa na usukani tena. Mmoja anasema apewe maziwa, mwingine anasema maziwa hapana, apewe maji ya chumvi atapike, Baba Tito ameshatoka barabarani anaita bodaboda wampeleke hospitali, Mzee Gama mwenyewe amejilaza kwenye kochi akisema tumbo limeanza kukata, na Mama Gama ameanza kulia kile kilio cha kuita majirani. Na mimi bado nimeshika chupa mbili za chai. Nilijua kabisa nikikaa kimya mzee wa watu atachomwa sindano kwa ajili ya uongo wangu.

"Hakuna sumu," nikasema. Hawakusikia. Nikaweka chupa chini nikasema tena. "Hakuna sumu. Nimedanganya. Ni karatasi za kazini tu, ni barua ya mtu niliyoichapa."

Kilio kikakatika katikati. Mzee Gama akakaa. Mama Mapunda akavua miwani, akaifuta kwa kanga, akaivaa tena.

"Barua ya nani?" akauliza. "Kwenda kwa nani?"

Niliinama kuziokota chupa zangu. Na hapo Mama Gama, ambaye machozi hata hayajakauka, akafunua kipai chake cha pili kilichokuwa bado kwenye mapaja, akasoma, labda bila hata kukusudia, maana midomo yake ilikuwa imeshazoea: "Kwako Bibi Yustina."

Jamani. Watu wote waligeuka kumtazama Mama, Mama akiwa mkekani na nusu ya kipai mkononi, hatafuni, hamezi. Halafu vichwa vikaanza kutafuta mstaafu aliyekuwamo chumbani, na mstaafu alikuwa mmoja tu.

Mwalimu Nyoni akasimama. Alichukua kofia yake, akaigeuza mara moja mkononi. "Ni yangu," akasema. "Nimeiandika mimi. Msimsumbue binti." Akasema Tumsifu Yesu Kristo, wachache wakaitikia, akatoka nje kwenye manyunyu bila mwavuli.

Nilidhani Mama ataingia chumbani na kufunga mlango. Badala yake alimalizia kipai, akapangusa vidole, akasema, "Sala ya kufunga bado," akaanzisha wimbo yeye mwenyewe kwa sauti ambayo haikutikisika hata mahali pamoja. Hilo lilinishtua kuliko yote yaliyotangulia. Watu waliimba macho yakiwa chini, wakanywa chai haraka haraka, wakaondoka, na ninavyowajua walianza kuongea kabla hawajafika getini, maana mchana uleule mume wangu alipiga simu kutoka Tunduru kuniuliza, "Mbona nasikia mama anaolewa?"

Mchana huo nilimkuta Mama jikoni, kwenye kigoda, amekusanya karatasi zote. Amezinyoosha moja moja kwenye sinia, ametenga mitihani huku, barua kule, anazipanga. Nilipiga magoti nikaomba msamaha. Hakuniambia niinuke wala nisiinuke.

"Wanasema mwisho wake ameula Mzee Gama," akasema. "Uliuchapa wewe. Ulisemaje?"

Nilikuwa nimeshavunja ahadi yote, siri iliyobaki kuitunza ilikuwa kipande hicho tu. Lakini sikuweza kumdanganya tena mtu siku ileile. "Hauna mwisho, Mama. Akifika kwenye ninachoomba ni, anasimama. Mara zote kumi na moja."

Mama akatazama sinia lake. "Mwalimu wa Kiswahili," akasema, "kashindwa sentensi moja." Nikatazama uso wake nione kama anacheka, sikuweza kujua. Nikamwambia nitampelekea mwavuli Mwalimu. "Uache," akasema. "Wa kwake. Ataufuata."

Mvua ilinyesha wiki nzima na mwavuli ulikaa palepale ukutani. Siku ya tano sikuvumilia, nikaenda kwa Mwalimu nikiokota ujasiri njiani. "Shikamoo Mwalimu." Akaitikia marahaba, akanionyesha kiti. Nikalia, nikaomba msamaha, nikaeleza na oveni na mvua na bakuli la kukatia. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nilikwambia uzichane, Skola," akasema. "Neno moja tu. Zichane." Nikajua kwamba hilo litabaki hata nikilia mpaka jioni.

Nilipofika mlangoni kuondoka nikamwambia kilichosemwa, kwamba Mama amesoma yote, ameipanga vizuri, na anachouliza ni mwisho wa barua ulisemaje. Alikuwa anatazama mvua.

Keshoyake saa kumi alikuja, amelowa mabega, amefuata mwavuli. Mama akamkaribisha kiti kilekile cha dirishani, akaniambia niende dukani nikanunue sukari. Sukari ilikuwepo, kilo mbili, nimeinunua mimi. Nikasema sawa, Mama, nikaenda dukani kwa mwendo wa kinyonga, nikarudi, nikakuta Mama anamimina chai, na mwavuli haujaguswa. Alichosema Mwalimu sikukijua siku ile wala sikijui leo, na nimeapa sitauliza.

Tangazo la ndoa yao lilisomwa kanisani Jumapili tatu. Kadi za mwaliko zilikuwa nzuri, herufi kubwa, koma zote mahali pake, nami nilizipokea kama mgeni mwingine yeyote, kwa sababu zilichapwa steshenari ya upande wa pili wa barabara. Nilistahili. Siku hizi karatasi iliyoharibika naichana mbele ya macho ya mteja, vipande vidogo ambavyo hata Mama Mapunda hawezi kuvisoma, na vikombe vya kuokea nanunua dukani hata mvua inyeshe ya mawe.

Maana vipai niliambiwa nioke tena, Mama ndiye aliyeviagiza kwa ajili ya harusi. Nikampelekea Mwalimu sinia pale mezani kwa mkono wangu. Akachukua kimoja, akakigeuza, akakagua chini kwa muda, karatasi ilikuwa nyeupe tupu. Kisha akala.